Walii wa Mtaa wa Vioo

Abibu, tarehe 2

Mimi Khalafu bin Matari si walii. Nataka iandikwe mahali kwa mkono wangu kabla sijafa, maana nikishakufa sitapata nafasi ya kubisha. Sina karama wala sioni ya ghaibu. Nina tundu.

Ni dogo, punje ya dengu inatosha kuliziba. Liko kwenye ubao wa dirisha la chumba hiki cha ghorofani, hapa Mtaa wa Vioo, Fustati, kati ya mto na mlima. Nililitoboa mwenyewe kwa keekee wakati wa baridi, nikiwa bado naweza kusimama. Duriya binti yangu hufunga mbao zote za madirisha kwa sababu mwanga mkali unaniumiza macho, na chumba kikishakuwa giza, mtaa mzima hupenya tunduni na kutandazwa juu ya ukuta wa chokaa, na rangi zake zote, miguu juu na vichwa chini. Mlango ukifunguliwa, nuru ya ngazini huingia na picha yote hufutika. Ndiyo maana hakuna aliyeiona ila mimi. Majirani wanadhani nimelala.

Hakuna uchawi hapo. Nilipokuwa kijana nilikaa miguuni pa yule mzee wa Basra, Mungu amrehemu, naye alitufundisha kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, kwamba jicho halirushi kitu nje bali hupokea, na kwamba ukisoma maneno ya wakubwa waliotangulia, uwashuku kwanza, kisha ujaribu. Nimeyafundisha hayo mpaka meno yakaniisha. Na sasa nalala hapa nikisubiri mauti, huku akina mama wananiletea watoto niwapulizie vichwani.

Abibu, tarehe 3

Joto. Mlenda. Duriya anasema nimekonda. Mlenda haujawahi kumnenepesha mtu.

Abibu, tarehe 7

Niandike lilivyoanza. Mama Ghalibu ni mjane anayeuza maharage ya kuchemsha ng'ambo ya uchochoro wetu. Mwanawe yuko Aswani na misafara, naye amebaki na punda wake na sauti yake, ambayo ingeweza kuwaamsha waliolala makaburini. Kwa miaka mingi nimemwambia Duriya kwamba sauti ile inaniudhi.

Mwezi uliopita alipanda kuniletea bakuli. Punde kabla ya hapo nilikuwa nimemwona ukutani akijifunga kitambaa kidoleni, baada ya kujichoma kwenye chungu. Alipofungua mlango nilimuuliza, kwa utani tu, kidole kinaendeleaje.

"Kidole gani, Shehe?"

"Hicho unachokificha nyuma ya bakuli."

Nilitaka acheke, kisha nimweleze. Hakucheka. Aliweka bakuli chini polepole, akarudi kinyumenyume mpaka ngazini, na kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari.

Ningewaambia ukweli siku ileile. Badala yake, mke wa mpuliza vioo alipokuja kuniuliza kama mumewe yuko kwenye tanuri au yuko kwenye mchezo wa kete, nilimjibu. Alikuwa kwenye kete. Mimi nilipata mkate wa asali, na mpuliza vioo akapata alichopata.

Abibu, tarehe 8

Nimemwambia Mama Ghalibu waziwazi kwamba ni tundu. Nimemwonyesha kwa kidole. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo alichoona ni tundu kwenye ubao.

"Mawalii wote hukana," akasema. "Asiyekana ndiye tapeli."

Kisha akanilisha maharage kwa kijiko. Yalikuwa na bizari nyembamba na ndimu. Sikuendelea na ubishi.

Abibu, tarehe 15

Dhafiri amekuja kutoka Kahira. Katika wanafunzi wangu wote ndiye mkaidi kuliko wote. Akiwa na miaka ishirini alinibishia kuhusu ukubwa wa mwezi unapochomoza mpaka nikamtoa darasani, kisha nikamfuata nje kwa sababu hoja yake ilikuwa nzuri. Sasa ana ndevu zenye mvi. Anataka nimsikilize akisoma kitabu cha mwanga mwanzo hadi mwisho, kisha nimpe ijaza, aweze kukifundisha kwa jina langu, kama mimi nilivyokifundisha kwa jina la mzee wa Basra.

Tumeanza leo. Alipofika penye jaribio la taa hakusoma tu. Alipanga taa tatu nje ya mlango wa ghala lililo hapa ghorofani, akaufunga ukabaki upenyo mdogo, na ndani pakatokea madoa matatu ya nuru. Akafunika taa ya upande wa kulia, na doa la kushoto likafa. Akaifunua, doa likarudi. Duriya alitazama, akauliza kama mafuta ya taa yanatoka mfukoni mwa Dhafiri au mwangu.

Nilifurahi kiasi cha kuomba nyama.

Abibu, tarehe 17

Furaha yangu imekatika. Dhafiri amekaa asubuhi nzima kwenye kibaraza cha Mama Ghalibu akimhoji kuhusu karama zangu. Nilimwona ukutani akiitikia kwa kichwa kwa heshima. Anauliza zilitokea lini, asubuhi au jioni, siku ya vumbi au siku ya jua. Mama Ghalibu alikuwa akimjibu kwa mikono yote miwili.

Aliporudi alinibusu mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Nimemfundisha mtu huyu kumshuku hata Ptolemayo, mkubwa wa hao waliotangulia, na mwuza maharage amemgeuza kwa asubuhi moja.

Abibu, tarehe 18

Ukuta ulikuwa mtupu tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Duriya anasema kuna mtu alianika blanketi kwenye dirisha langu kwa nje. Akina mama wawili walikuja na maswali, nikawaambia nimechoka. Wakaondoka wakinong'onezana kwamba nilikuwa mbali, mbinguni.

Abibu, tarehe 25

Watu wana hofu kwamba mto hautajaa mwaka huu. Wakubwa wamekataza mbiu ya maji isipigwe mpaka dhiraa kumi na sita zitimie, ili bei ya mkate isipande kwa uvumi, na kwa sababu ya ukimya huo bei inapanda kwa uvumi. Leo ngazi yangu imejaa watu. Wote wanataka kujua kama mto utatimia.

Niliwajibu utatimia. Nilijua kwa sababu wachota maji wanapita ukutani kwangu kila siku. Mwanzo wa mwezi walirudi wamelowa nyayo tu na walikawia. Sasa wanarudi upesi, wamelowa mapajani. Mto umewasogelea. Mtu yeyote mwenye macho angeyaona hayo, ila hakuna anayemtazama mchota maji.

Niliwaeleza hivyohivyo. Nikasema, "Nimewaona wachota maji."

"Umewaona wapi, Shehe," akauliza Mama Ghalibu, "nawe hujashuka ngazi tangu Ramadhani?"

Mtu mmoja nyuma akaanza kulia kwa imani.

Misra, tarehe 1

Mwezi mpya, maharage yaleyale. Mama Ghalibu amenisimulia jinsi marehemu mumewe alivyowahi kuuza punda uleule kwa watu wawili. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, na Duriya akaja mbio akidhani ndiyo mwisho wangu.

Misra, tarehe 4

Wanabishana kuhusu kaburi langu. Mama Ghalibu ameshanunua kitambaa cha kijani cha kulifunika. Anataka kuba, ndogo tu, pembeni ya ukuta wa makaburi, ili wageni wa kutoka mashambani waione kwa urahisi. Duriya anasema babake alikuwa mwalimu wa macho na mwanga na atalala ardhini kama watu wengine. Walikuwa wakibishana kitandani pangu, kila mmoja upande wake, wakinipitishia maneno juu ya tumbo.

"Muulizeni mwenyewe," nikasema.

"Wewe nyamaza, Baba, upumzike," akasema Duriya.

Walipotoka nililala nikiwaza. Nikizikwa na kitambaa kile, nani atasoma nilichoandika kuhusu mwanga? Watakuja kuomba watoto na mvua. Na mzee wa Basra, aliyetufundisha tusiamini lolote lisilojaribiwa, atakuwa mwalimu wa walii. Lakini nikiwaambia na wakaelewa, watajua kwamba nimewatazama miezi yote hii. Hakuna mwanamke atakayepanda tena ngazi ile. Sitaletewa tena bakuli.

Tangu nilipofiwa na mke wangu hakuna mwingine aliyeniletea bakuli bila kutumwa.

Misra, tarehe 9

Jana nilizimia. Nilipozinduka kitanda kilikuwa kimegeuzwa. Duriya na Mama Ghalibu, kwa mara ya kwanza wakiwa wameafikiana, walikuwa wamekizungusha ili nilale ubavu wa kulia nikielekea kibla, kama anavyolazwa mtu anayeondoka. Dhafiri alikuwa amekwenda Kahira, hakuwapo. Wote wawili walikuwa wanalia. Niliuliza kama kuna chakula.

Kusema kweli, mahali hapa papya ni pazuri. Ukuta wa picha uko mbele yangu bila kulalia mkono mbovu.

Misra, tarehe 10

Nimefanya kosa ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeaibika nalo.

Asubuhi nilimwona punda wa Mama Ghalibu akijifungua kamba kwa meno. Akapita ukutani, miguu juu, bila haraka, akielekea upande wa miguu yangu. Mara nikasikia kelele chini, kisha ngazini, kisha Mama Ghalibu alikuwa mlangoni, kilemba cha kichwani kimeanguka shingoni. Bila punda hawezi kubeba vyungu, bila vyungu hakuna maharage, na mto umejaa, na punda yule hajui kuogelea.

"Shehe, ameelekea wapi?"

"Mlimani," nikasema. Sikusita hata kidogo.

Alishuka akiita watu, na nusu ya mtaa ikaelekea mlima Mukattamu kwa neno langu. Dhafiri, aliyekuwa amerudi alfajiri, alibaki amesimama. Alikitazama kitanda, akalitazama dirisha, akakitazama tena kitanda.

"Mwalimu, hiki kimegeuzwa lini?"

"Juzi."

Alipandisha kanzu mpaka magotini akatoka mbio, na mlango ulipofungika nikamwona ukutani akipita njia ileile ya punda, kuelekea miguuni kwangu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tundu hupindua kila kitu: anayekwenda mlimani humtupa upande wa mto, na anayekwenda mtoni humtupa upande wa mlima. Mimi, badala ya kukokotoa kila mara, nilikuwa nimejiwekea kanuni ya mvivu: anayekwenda miguuni kwangu, huyo anakwenda mlimani. Ilikuwa kanuni nzuri kwa muda wote kitanda kilipokuwa na miguu upande wa mto. Sasa miguu yangu iko upande wa mlima, na mimi nimelala kwa ajili ya kufa nikiwa bado natumia hesabu ya juzi.

Nilikaa gizani peke yangu nikisubiri. Sijawahi kuomba dua ndefu vile kwa ajili ya punda.

Baada ya adhuhuri Dhafiri alirudi naye. Wote wawili walikuwa wamelowa chapachapa. Punda alikuwa amekutwa kwenye ukingo, maji yamemfika tumboni, anakula matikiti kutoka kwenye mashua ya mtu. Mama Ghalibu alirudi kutoka mlimani amechubuka nyayo. Alimkumbatia punda, akamtukana, akamkumbatia tena. Watu wakaanza kuulizana imekuwaje Shehe akosee. Akawajibu kwa sauti ile yake kwamba Shehe aliwapeleka mlimani wakaombe, na dua yao ndiyo iliyomshika punda asizame.

Wakakubali. Nimekosea, na bado nimezidi kuwa walii.

Misra, tarehe 11

Dhafiri amefunga mlango, akakaa kando yangu gizani. Tuliutazama mtaa kwa muda, sisi wawili.

Nilimuuliza amejua tangu lini. Akasema alishuku tangu alipoambiwa kwamba sioni chochote baada ya magharibi. "Nikasema huyu ni walii wa aina gani, anayehitaji jua?" Kisha akaanika blanketi, na asubuhi ile karama zikazimika. Akaliondoa, zikawaka.

"Umenifanya taa," nikasema.

"Ulinifundisha mwenyewe."

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alikuwa akisubiri niseme mwenyewe, kwa kuwa heshima ya mwalimu haimruhusu mwanafunzi kumvua nguo. Lakini sasa hawezi kusubiri zaidi.

"Nikisimama kufundisha Kahira nikasema nimeyapokea haya kwa Khalafu, wataniuliza, Khalafu yupi, yule walii wa punda? Watacheka, Mwalimu, au watabusu kanzu yangu. Sijui lipi baya zaidi. Kwa hali hii sitaki ijaza yako."

Katika maisha yangu nimenyima watu ijaza. Sijawahi kukataliwa yangu.

Misra, tarehe 12

Sikulala vizuri. Mlenda.

Misra, tarehe 14

Mbiu imepigwa. Dhiraa kumi na sita. Watu wanacheza barabarani na kesho mfereji utakatwa ili maji yaingie. Ukutani kwangu wanacheza wakining'inia kama popo.

Nilimwomba Duriya amwite Mama Ghalibu peke yake. Nikamwomba aingie, afunge mlango nyuma yake, akae kwenye kigoda na asiseme kitu mpaka macho yazoee giza. Kunyamaza ndiko kulikomtesa. Chini, Dhafiri alikuwa amemshika punda, akimpitisha mbele ya nyumba, kwenda na kurudi.

Alitazama. Nilisikia pumzi yake ikibadilika.

"Huyo ni punda wangu."

"Ndiye."

"Mbona anatembea darini?"

Nikamweleza. Nuru kutoka kwato za punda inapanda pale juu, nuru kutoka masikioni inashuka pale chini, zinapishana kwenye tundu kama watu wanavyopishana mlangoni. Nilimwambia azibe tundu kwa kidole. Akaziba, mtaa ukafa. Akaondoa kidole, ukafufuka. Akarudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kisha akakaa.

"Kidole changu kilichoungua."

"Nilikiona hapo."

"Na wachota maji."

"Hapohapo."

"Na siku nilipodhani uchochoro hauna mtu, nikacheza na ufagio."

Alisimama, akarekebisha ushungi wake gizani, ambapo hapakuwa na wa kumwona, akatoka. Mlango ulibaki wazi na ukuta ukawa chokaa tupu.

Misra, tarehe 15

Mfereji umekatwa. Nimesikia ngoma kwa mbali. Hakuna maharage.

Misra, tarehe 16

Nimewaambia wote. Dhafiri alikuwa akiwaingiza watano watano, wanawake kwanza, kisha wanaume, na kila kundi lilikuwa na mtu nje wa kumtazama. Mwuza nyama alisimama kwa kichwa ili aone mtaa umekaa sawa, akamwangukia mpuliza vioo. Mpuliza vioo naye, alipoelewa, aliniuliza kwa upole kama ni mimi niliyesema habari za kete. Nilikiri. Akasema amekuwa akimlaumu shemeji yake bure.

Wawili walikasirika na wameondoka wakisema mzee hana haya. Wana haki. Niliwaomba radhi. Waliobaki wanataka kurudi kesho na jamaa zao.

Hakuna maharage.

Misra, tarehe 18

Dhafiri amemaliza kusoma kitabu. Nimeandika ijaza kwa mkono wangu na ameipokea. Chini ya jina langu nimeongeza kwamba mpokeaji alimjaribu mwalimu wake na jaribio lilikuwa sahihi.

Hakuna maharage.

Misra, tarehe 19

Asubuhi nilimwona punda akipita ukutani amevaa kitambaa cha kijani mgongoni, kimeshonwa vizuri, kimepindwa na pembeni. Kaburi langu limekuwa joho la punda. Nilicheka peke yangu gizani.

Kisha mlango ukafunguliwa kwa goti, kwa sababu mikono ilikuwa na bakuli.

"Usidhani nimekusamehe," akasema Mama Ghalibu. "Sogea, nikae."

Akaufunga mlango mwenyewe. Tulikula kwa kijiko kimoja huku tukiutazama mtaa. Anawatukana wapita njia vizuri zaidi wakiwa kichwa chini. Alikaa mpaka picha ilipofifia, na hata ilipokwisha kabisa alikuwa bado ananieleza habari za mwuza nyama.

Misra, tarehe 21

Dhafiri ameondoka kurudi Kahira. Alipokuwa akifunga mzigo alisimama kwenye dirisha la mashariki, akafungua ubao kidogo, akachungulia uwanja wa matanuri. Akaniuliza jambo ambalo amesema limemsumbua tangu siku ya blanketi. Uwanja ule uko wazi na jua linaupiga kutwa, picha yake ingekuwa kubwa na angavu. Huku kaskazini kuna uchochoro mwembamba tu, na jua linaufikia kwa saa chache. Mtu anayejua mwanga, kwa nini atoboe huku?

Nilimwambia ni kwa sababu ya macho yangu, kwamba mwanga mdogo yanauvumilia zaidi. Akakubali. Ameshapata ijaza yake na ana haraka, hakujaribu.

Niliandika mwanzoni nilivyokuwa nikilalamika kwamba sauti ya Mama Ghalibu inaniudhi. Nimemwambia Duriya hivyo mara nyingi, na binti yangu ameamini. Haikuniudhi. Siku ile ya baridi, nikiwa na keekee mkononi, nilisimama kwanza kwenye dirisha la mashariki na nikajua kabisa kwamba ndilo bora. Kisha nikaja kwenye hili, nikapima kwa uzi kutoka ubaoni mpaka ukutani, nikahamisha alama mpaka nilipohakikisha ni mlango gani utakaoangukia katikati ya ukuta, pale macho ya mtu aliyelala yanapotua. Ni mlango wa Mama Ghalibu.